Laki tatu na nusu, magitaa manne: kisa cha mnunuzi wa gitaa la kwanza

Mnunuzi ni binti wa miaka 21, mwanakwaya, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Gitaa amelishika mara mbili tatu tu, la kuazima, baada ya mazoezi. Ana shilingi 350,000 na hana nyingine nyuma yake: humo humo mna gitaa, begi, nyuzi na chochote kitakachojitokeza. Anataka kupiga kodi (nota kadhaa za gitaa kwa mpigo mmoja, si kodi za TRA) huku akiimba, na baadaye ajifunze kupiga kwa vidole. Viganja vyake ni vidogo. Kisa hiki ni cha mfano, kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia kwa wanunuzi wa aina yake, na bei ni alizotajiwa yeye, hazisemi lolote kuhusu soko zima.

Ndani ya wiki moja alionyeshwa magitaa manne. La kwanza ni jipya, la bluu linalong'aa, inchi 38, halina jina la kampuni anayoifahamu mtu, lipo dukani Kariakoo kwa 180,000 pamoja na begi jembamba, mkanda na piki tatu (vijiplastiki vya kupigia nyuzi). La pili ni Yamaha F310 iliyotumika, muuzaji anataka 280,000. La tatu ni gitaa la klasiki la jirani, 120,000, limefungwa nyuzi za chuma. La nne ni jipya, lina kipokea sauti cha umeme, tundu la waya na vitufe ubavuni, 340,000.

Swali aliloanza nalo ni lile la kila mtu: lipi lina sauti nzuri? Kwa anayeanza, swali hilo linakuja mapema mno. Vidole vyake bado havijui kutoa sauti nzuri kwenye gitaa lolote, na dukani anayempigia ni muuzaji, ambaye angeweza kulifanya hata debe liimbe. Swali la kwanza ni kama gitaa linashikika bila kuumiza na kama linatoa sauti sahihi kwenye kila freti (vile vyuma vyembamba vilivyolala kukata shingo). La pili, ambalo ndilo limeamua kisa hiki, ni kama kasoro iliyopo ni ya kurekebishika au ni ya kuzaliwa nayo.

Vifaa vya kupimia havikumgharimu kitu: kadi tatu au nne za plastiki, tepu ya fundi cherehani, karatasi chache za A4, kitambaa cheupe chenye unyevu, na simu yenye programu ya kutyuni (kuweka kila uzi kwenye sauti yake). Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa kipimo cha kimataifa, kwa hiyo kadi tatu zikibanwa pamoja ni karibu milimita 2.3. Tumia ukingo usio na namba zilizovimba. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni karibu milimita 0.1. Kwa hivi viwili tu unapima karibu kila kitu ambacho fundi hupima kwa vifaa vyake.

La bluu

Tuanze nalo kwa sababu ndilo linalonunuliwa na wengi, na ndilo lililomvutia.

Kipimo cha kwanza ni kimo cha nyuzi: nafasi kati ya kichwa cha freti ya 12 na upande wa chini wa uzi. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, anayeanza anahitaji takriban kadi tatu chini ya uzi wa sita (ule mnene) na kadi mbili chini ya uzi wa kwanza. La bluu lilimeza kadi tano chini ya uzi wa sita bila kuugusa, yaani milimita 3.8. Hapo muuzaji ana jibu lililozoeleka: "Dada yangu, nyuzi ziko juu kwa kuwa ni jipya, likishazoea zitashuka zenyewe." Ni kinyume kabisa. Nyuzi zinavuta kichwa cha gitaa kuelekea daraja (kile kibao cha juu ya tumbo zinapoishikilia nyuzi) usiku na mchana, na kadiri miezi inavyokwenda shingo hujikunja mbele na tumbo hunyanyuka nyuma ya daraja. Kimo huongezeka. Gitaa lililo juu leo litakuwa juu zaidi masika yajayo.

Kimo peke yake hakitoshi kulikataa gitaa, maana hupunguzwa kwa kusugua mfupa wa daraja, kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi upande wa tumbo. Kilicholiponza la bluu ni vipimo viwili vilivyofuata.

Cha kwanza ni tepu. Kutoka mfupa wa shingo (kile kipande cheupe chenye mifereji, karibu na kichwa) hadi freti ya 12 ni nusu ya urefu wa uzi. Nusu ya pili, kutoka freti ya 12 hadi mfupa wa daraja, lazima iwe sawa na ya kwanza au izidi kidogo: milimita moja au mbili upande wa uzi wa kwanza, na zaidi upande wa uzi wa sita. Ziada hiyo ipo kwa sababu uzi ukibonyezwa hunyooshwa, na ukinyooshwa sauti hupanda. Kwenye la bluu nusu ya kwanza ilikuwa milimita 308, ya pili 305. Kiwandani daraja lilibandikwa mbele ya mahali pake.

Simu ilithibitisha. Alityuni uzi wa kwanza wazi hadi ukatulia kwenye E, kisha akaubonyeza freti ya 12. Ilipaswa iwe E ile ile, oktavu moja juu. Programu ilionyesha senti 20 juu. Senti 100 ni nusu-hatua nzima ya muziki, kwa hiyo kosa la senti tano sita anayeanza halisikii, ila 20 sikio la mwanakwaya linalisikia mara moja, hata kama hajui aliite nini. Atatyuni G ikae vizuri, akienda C itapiga kelele, atarekebisha C, G iharibike. Atazunguka hivyo miezi mitatu akiamini yeye ndiye hana sikio. Kuling'oa daraja na kulibandika upya kwenye gitaa la bei hii ni gharama isiyolipa.

Cha pili ni shingo. Alibonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya 14 kwa mkono mwingine, hapo uzi ukawa rula. Katikati, karibu na freti ya saba, inatakiwa ipite karatasi mbili au tatu tu. Hapo ilipita kadi nzima na kubaki nafasi. Shingo imepinda, na gitaa lenyewe halina chuma cha kuinyoosha: ndani ya tundu la sauti hakuna tundu la alenki (ufunguo wa pembe sita), kichwani hakuna kifuniko. Shingo ya namna hiyo hainyooshwi.

Kitambaa cheupe kilipopitishwa kwenye ubao wa freti kikatoka cheusi. Hiyo ni rangi tu, mbao ya chini ni nyeupe na laini. (Inauma kidogo kuliona hilo katika nchi ambayo mpingo wake wa Kilwa na Lindi ndio unaotafutwa duniani kutengenezea klarineti na obo.) Rangi kuchujuka si sababu ya kulikataa gitaa, ni ishara tu ya namna kazi nzima ilivyofanywa. Kwa mkanda, begi na piki tatu, thamani ya zawadi hizo ni ndogo kuliko shida iliyofungwa nazo.

La jirani

La jirani lina hadithi inayoonekana mtaani kila siku. Gitaa la klasiki limetengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Lilipokatika uzi, mtu akaenda dukani, akapewa seti ya nyuzi za chuma kwa kuwa ndizo zilizokuwepo, akafunga. Seti ya nailoni ya kawaida ikityuniwa inavuta kwa nguvu ya takriban kilo 40. Seti ya chuma ya 12-53 (unene wa uzi wa kwanza na wa sita, kwa sehemu za elfu za inchi) inavuta zaidi ya kilo 70. Mbao ya juu ya klasiki ni nyembamba na vigongo vyake vya ndani vya kuiimarisha ni vyepesi kwa makusudi, ili nailoni iweze kuitikisa. Ukiipa karibu mara mbili ya mzigo, daraja linaanza kung'oka upande wa nyuma na tumbo linavimba.

Namna ya kulitambua gitaa la klasiki: nyuzi zimefungwa fundo kwenye daraja, hakuna vijiti vinavyozibana, kichwa kina matundu mawili marefu, na shingo ni pana na bapa. Ukiona dalili hizo pamoja na nyuzi za chuma, chukua karatasi na ujaribu kuiingiza nyuma ya daraja, pale linapokutana na mbao. Hapa iliingia milimita nane. Gundi imeshaachia, na mbao ya juu imeinuka kiasi kwamba ukiweka ukingo wa rula juu yake inabembea.

Je, lingekuwa na nailoni tangu mwanzo, lingeshinda? Hapo ndipo penye mjadala wa kweli, kwa sababu walimu wengi humpa mwanafunzi nailoni bila kuuliza. Nailoni ina huruma kwa ncha za vidole, hilo halina ubishi. Lakini shingo ya klasiki kama Yamaha C40 ina upana wa milimita 52 pale kwenye mfupa, wakati F310 ina 43. Kwa kiganja kidogo, milimita tisa ndizo zinazotenganisha kodi ya F inayofikika na isiyofikika. Pili, sauti ya nailoni ni ya duara na ya chini, kwaya ikianza kupiga makofi inamezwa. Tatu, binti anataka baadaye kupiga kwa vidole, na mtindo wa kwetu wa vidole, ule wa Katanga, kusini mwa Kongo, wa akina Jean-Bosco Mwenda na ule wa magharibi mwa Kenya, umejengwa juu ya dole gumba na kidole cha shahada. Ukali wake wa kukata unatoka kwenye nyuzi za chuma. Angekuwa mtoto wa miaka tisa, au mtu anayetaka muziki wa klasiki wa kusoma nota, jibu lingegeuka.

La umeme

La nne halihitaji maneno mengi. Halikupimika vibaya: kadi nne, juu kidogo tu, na shingo karibu imenyooka. Tatizo ni hesabu. Baada ya 340,000 anabaki na 10,000, haitoshi hata seti ya nyuzi, achilia mbali waya na spika ya kuunganisha. Sehemu ya bei imekwenda kwenye betri ya volti 9 na vitufe atakavyovihitaji mwaka wa pili, labda. Akivihitaji, kipokea sauti cha kubandika kwenye tundu la sauti hununuliwa peke yake na kuwekwa kwenye gitaa la nyuzi za chuma.

F310

Kwa mtazamo wa kwanza hili ndilo bovu kuliko yote. Nyuzi zina kutu ya rangi ya chai, kitufe cha kigingi kimoja cha kukazia uzi kimepasuka, ubavuni kuna mkwaruzo mrefu. Ndiyo maana vipimo vina kazi.

Kwanza, je, ni F310 kweli? Karatasi ya ndani inaweza kubandikwa na yeyote. Urefu wa uzi wa F310 ni milimita 634, kwa hiyo kutoka mfupa wa shingo hadi freti ya 12 tepu lazima isome 317. Ilisoma 317. Kutoka hapo hadi mfupa wa daraja, upande wa uzi wa kwanza, ilisoma karibu 319. Daraja liko mahali pake. Kwenye simu, freti ya 12 ilizidi senti 6, na kwa nyuzi zilizooza hivyo si mbaya, maana uzi wenye kutu hauna uzito sawa urefu wake wote na hudanganya kipimo.

Kimo: kadi nne chini ya uzi wa sita (milimita 3), tatu chini ya uzi wa kwanza. Juu, ila kwa kiasi. Kipimo cha shingo: karatasi tano, takriban nusu milimita. Imepinda kidogo, lakini ndani ya tundu la sauti kuna kichwa cha chuma cha kunyooshea, na fundi alipokigusa kwa alenki kiliitika bila kulazimishwa. Karatasi haikuingia nyuma ya daraja. Kamera ya simu iliwekwa mbele ya tundu la sauti, taa ikawashwa, picha zikapigwa za vigongo vyote vya ndani: hakuna kilichoachia. Mbao ya juu ilipogongwa kwa kifundo cha kidole pande zote haikutoa mlio wa kutetema.

Kipimo kimoja ambacho wanunuzi wengi hukisahau ndicho kilichomaliza ubishi. Mfupa wa daraja ulikuwa umechomoza milimita 4 juu ya mbao ya daraja. Hiyo ni akiba. Kama kimo kiko juu na mfupa umeshasuguliwa hadi umebaki milimita moja, maana yake fundi wa kabla yako ameshatumia dawa yote na shingo bado inapanda. Gitaa kama hilo liache hata likipunguzwa nusu bei.

Freti ya kwanza na ya pili zilikuwa na vishimo chini ya uzi wa kwanza na wa pili, alama za mtu aliyepiga kodi zile zile za mwanzo kwa miaka. Havikufika theluthi ya kimo cha freti na havikuleta mlio, kwa hiyo viliachwa, ila vilitajwa kwenye mapatano ya bei pamoja na kutu na kile kitufe. Muuzaji akashuka hadi 260,000.

Mtu atauliza kuhusu mbao. Ya juu ya F310 ni plaiwudi iliyofunikwa sprusi (mti wa jamii ya misonobari), si mbao nzima. Ukipanda ngazi hadi Yamaha FG800 unapata mbao ya juu nzima ya sprusi, na tofauti inasikika, hasa gitaa likizeeka. Lakini kwa chumba cha kupanga cha pwani, chenye joto na unyevu, plaiwudi ni sifa. Tabaka zake zimepishana nyuzinyuzi, hivyo hazivimbi wala hazipasuki kirahisi. Mbao nzima inadai matunzo ambayo anayeanza hajui bado kuyatoa.

Kazi iliyofanyika

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko ustadi: nyuzi mpya kwanza, kisha shingo, kisha mfupa wa shingo, mfupa wa daraja mwisho. Anayeanza kwa kusugua mfupa huku nyuzi za zamani zikiwa juu atabadilisha nyuzi kesho na kukuta vipimo vyote vimehama.

Zilichaguliwa nyuzi za 10-47 badala ya 12-53. Mvuto wake wote ni karibu kilo 57, na vidole vinaihisi tofauti hiyo tangu siku ya kwanza. Gharama yake ni sauti ndogo kidogo. Kuzifunga kuna kosa moja linalojirudia: kile kishanga cha mwisho wa uzi kinakaa kwenye ncha ya kijiti cha daraja, na uzi ukikazwa kijiti kinafyatuka. Kunja mwisho wa uzi kidogo kabla ya kuingiza, elekeza mfereji wa kijiti upande wa uzi, sukuma kijiti huku ukiuvuta uzi juu hadi kishanga kikae kando, chini ya mbao. Kwenye kigingi, acha mizunguko miwili au mitatu ikishuka chini. Kosa jingine ni la programu ya simu: inaonyesha E na mtu anaendelea kukaza akitafuta E ya juu zaidi, uzi unakatika. Uzi wa kwanza ni hezi (mitetemo kwa sekunde) 329.6, wa sita ni 82.4. Kama programu inaonyesha hezi, fuata namba.

Baada ya nyuzi kutulia usiku mmoja, shingo ilipimwa tena: karatasi nne, maana nyuzi nyepesi zimepunguza mvuto. Fundi alilegeza nyuzi kidogo, akazungusha alenki robo mzunguko upande wa kukaza, akatyuni, akasubiri, akapima. Karatasi mbili na nusu, akaacha. Robo ndiyo hatua kubwa kuliko zote zinazoruhusiwa kwa mara moja, na alenki ikigoma kwa nguvu ya kawaida ya mkono, kazi inasimama hapo.

Mfupa wa shingo hupimwa hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza. Karatasi moja au mbili zinatosha. F310 ilipita bila kuguswa. La bluu lilipitisha karatasi tano, na ndiyo sababu kodi ya F juu yake ilikuwa mateso. Kuna njia ya haraka ya kulijua hilo dukani: weka kapo (kibano kinachobonyeza nyuzi zote kwa pamoja) freti ya kwanza ujaribu umbo lile lile juu yake. Likigeuka ghafla kuwa rahisi, tatizo ni mfupa, si kidole chako.

Mwisho, mfupa wa daraja. Kimo kilibaki milimita 2.9 kwenye uzi wa sita na kilitakiwa 2.3. Kwa kuwa freti ya 12 iko katikati ya uzi, ukishusha daraja milimita 2 hapo katikati inashuka milimita 1. Kupunguza 0.6 kunahitaji kuondoa 1.2 kwenye mfupa. Mstari ulichorwa kwa penseli, msasa wa namba 120 ukabandikwa juu ya kioo, mfupa ukasuguliwa upande wa chini, ukiwa wima. Kila misuguo kumi na tano kazi inakaguliwa. Mfupa ukiyumba, chini yake inakuwa duara, haikai sawasawa kwenye mfereji na sauti inakufa. Ulimaliziwa kwa msasa wa 400. Ulibaki umechomoza milimita 2.8, bado kuna akiba. Na ukizidisha kusugua hujapoteza gitaa: fundi huchonga mpya kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukaushwa, na mara nyingi ni bora kuliko ule wa plastiki.

Kimo kipya: kadi tatu na kadi mbili. Kila uzi ulipigwa freti kwa freti kusikiliza mlio wa kukwaruza. Mlio wa uzi wazi peke yake ungeelekeza kwenye mfupa wa shingo, mlio wa freti za mwanzo kwenye shingo iliyonyooka kupita kiasi, wa freti za katikati na juu kwenye kimo kilichoshuka mno, na wa freti moja tu kwenye freti iliyonyanyuka. Hapakuwa na hata mmoja.

Matumizi yalikuwa hivi:

Gitaa 260,000
Nyuzi 25,000
Fundi 30,000
Kapo 15,000
Begi la kitambaa 15,000
Baki 5,000

Kapo haikuwa anasa. Mwalimu wa kwaya anasema doh ni A, au Bb, na anayeanza anajua G, C, D na Em tu. Kapo freti ya pili, maumbo ya G yanatoa A. Freti ya tatu, yanatoa Bb. Angeikosa, angengoja nusu mwaka kabla ya kupiga na wenzake.

Vidole vitauma hata hivyo. Dakika 15 kila siku zinakomaza ngozi ndani ya wiki mbili hadi nne. Saa mbili za Jumamosi peke yake zinaichubua tu. Baada ya kupiga, nyuzi zifutwe kwa kitambaa cha pamba, juu na chini, kwani jasho likichanganyika na hewa ya chumvi kutu inaanza mapema. Gitaa lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani wala kutundikwa karibu na bati: joto hulainisha gundi ya daraja, na nyuzi zinangoja nafasi hiyo hiyo.

Vipimo vya mwanzo viliandikwa kwenye kipande cha karatasi kikawekwa mfukoni mwa begi: karatasi mbili na nusu, kadi tatu, kadi mbili, mfupa 2.8. Vipimwe tena katikati ya masika, unyevu ukiwa mwingi, na akihamia penye ukavu kama Dodoma, baada ya mwezi wa kwanza. Shingo ikisogea kwa karatasi mbili ni robo mzunguko wa alenki tena. Ikisogea kwa kadi nzima, alegeze nyuzi zote na alirudishe kwa fundi siku hiyo hiyo.